Gari inazima ikipata moto, fundi ni shemeji yangu, nimwambie mume wangu au ninyamaze?

Shikamoo Shangazi,

Samahani barua itakuwa ndefu, lakini nikifupisha hutanielewa. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ukonga, napika chakula cha mchana na kupelekea wateja maofisini kuanzia Vingunguti mpaka Posta. Usafiri wangu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1997, namba B, injini ya 5A, otomatiki. Niliinunua kwa mtu, na huyo mtu naye alinunua kwa mtu. Siyo gari ya kumringishia mtu lakini ndiyo inayonilishia watoto, hotpot zangu sita zinaingia kwenye buti na zingine siti ya nyuma.

Tatizo lilianza mwezi wa tatu. Unatoka nyumbani vizuri, ukifika kwenye foleni ikishapata moto inazima. Inazima tu kama mtu kazima swichi. Unapiga stata inazunguka vizuri haiwaki, unakaa dakika 20 hivi, inawaka kama hakijatokea kitu. Mara ya kwanza ilinizimikia juu ya daraja la Mfugale pale Tazara, saa tano na nusu, nyuma yangu daladala zinapiga honi, mimi nina wali wa watu 34 ndani ya gari.

Fundi wangu ni mdogo wake mume wangu. Ana gereji bubu Gongo la Mboto, chini ya mwembe, na mume wangu ndiye alimpa mtaji wa kuanzia. Mume wangu anafanya kazi Geita, anakuja kila baada ya wiki sita, na alishaniambia gari isiguswe na mtu mwingine zaidi ya mdogo wake. Basi nikawa napeleka. Kwanza alisema plagi, tukaweka plagi 60,000. Ikazima. Akasema waya za plagi, 50,000. Kisha nozeli za mafuta zioshwe, 40,000. Akasema pampu ya mafuta imechoka, akainua siti ya nyuma akatoa ya zamani akaweka nyingine, 130,000. Ikatulia wiki nzima nikashukuru Mungu, wiki ya pili ikazima tena, na siku hiyo ilianza kushtukashtuka kwanza. Akasema hapo ni kontrol box, ile kompyuta ya injini, akaleta used, 280,000. Ikazima. Mwisho akabadilisha kifuniko na rota ya distributa, ile inayogawa umeme wa cheche kwenye plagi, 60,000. Ukijumlisha na ufundi, kuvutwa kwa kamba na bodaboda za kunikimbizia chakula kwa wateja ni 785,000, naandika kila kitu kwenye daftari la oda. Na gari bado inazima.

Sasa wiki mbili zilizopita ikanizimikia Buguruni, kuna kijana fundi umeme wa magari pale jirani akaja kunisaidia. Hakuuliza maswali mengi. Alichomoa waya mmoja wa plagi, akachomekea plagi ya zamani aliyokuwa nayo mfukoni, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akaniambia mama piga stata. Hakuna cheche. Akafungua kile kiboksi cheusi ndani ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, akaweka kawaya kadogo kama kibanio cha karatasi kati ya matundu mawili, akaniambia washa swichi bila kupiga stata uangalie taa ya injini. Ikawaka mara moja, ikatulia, ikawaka mara nne. Akasema hiyo ni 14, ni ignaita, kile kifaa kinachoendesha cheche, anauza distributa kamili 280,000 na anafunga siku hiyohiyo.

Halafu akaniambia neno lililoninyima usingizi. Alisema, "Mama hii distributa siyo ya gari hii, ya kwako wameitoa wamekuwekea ya gari nyingine." Nikauliza nani, akasema mimi sijui, muulize fundi wako.

Shangazi, toka siku hiyo nikimuona shemeji roho inanidunda. Nikakumbuka hajawahi kunirudishia spea hata moja ya zamani. Pampu niliulizia, akasema aliiacha dukani Gerezani kama sampo. Kontrol box yangu sijui iko wapi. Na mwezi wa tano amenunua simu mpya. Hela anayonichaji ananiambia ni bei ya dukani, risiti hakuna. Bado anakuja kula kwangu kila Jumapili ananiita shem shem, namuwekea chakula mkono unatetemeka.

Nikimwambia mume wangu, nawajua hawa, watagombana, na mama mkwe anaishi na huyo mdogo. Nitaonekana nimekuja kuvuruga ukoo kwa maneno ya fundi wa barabarani. Nikinyamaza, naibiwa kwenye jasho langu. Nimewaza niende kimyakimya kwa yule kijana wa Buguruni, au niuze gari kabisa nihamie bajaji. Mume wangu anakuja mwisho wa mwezi. Nifanyeje?

Mama Lishe, Ukonga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Urefu hauna shida, na hilo daftari lako la oda nimelipenda kabla hata sijafika katikati ya barua, wengi wanaoniandikia kuhusu hela hawajui hata imeishaje.

Nikikuelewa vizuri una mizigo miwili umeifunga kamba moja. Kuna gari inayozima ikipata moto na imekula 785,000 bila kupona. Na kuna shemeji unayemshuku wizi. Umeifunga pamoja kwasababu ya sentensi moja ya mtu mliyekutana siku hiyohiyo. Naomba tuifungue hiyo kamba kidogo, sina maana kwamba unakosea kushuku, ila ukienda kwa mumeo na mizigo yote kwa pamoja atasikia ule wa mdogo wake tu, wa gari hatausikia.

Mimi siyo fundi. Nimeendesha Carina miaka 11 mpaka tukaanza kufanana, na jirani yangu ni fundi umeme wa magari, nimemsomea sehemu ya gari peke yake bila kumwambia wewe ni nani. Kitu cha kwanza alichouliza ni hiki, inazima ghafla kama swichi au inashtukashtuka kwanza? Nikamwambia kaandika vyote. Akacheka. Anasema ikikatika ghafla macho yanaenda kwenye umeme wa cheche, ikishtukashtuka na kukosa nguvu kwanza macho yanaenda kwenye mafuta. Wewe siku nyingi ilikatika, siku moja ikashtuka. Inawezekana ni ugonjwa mmoja unaoonekana tofauti, inawezekana ni magonjwa mawili, gari ya 1997 hainyimwi haki ya kuwa nayo mawili.

Kwahiyo shemeji kutaja pampu haikuwa ujinga. Pampu iliyochoka nayo ikipata moto inagoma, ikipoa inafanya kazi. Na hapa nikuulize wewe bila kukasirika, unaweka mafuta ya shilingi ngapi kwa siku? Kama ni ya elfu kumi kumi na taa ya mafuta ndiyo rafiki yako, ile pampu inakaa ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe, ukiiendesha tenki likiwa tupu kila siku unaiua taratibu, hata ile mpya. Sijui kama ndivyo unavyofanya, nauliza tu kwasababu mimi nilikuwa hivyohivyo.

Ninachoona shemeji amekosea ni kwamba alikuwa anabahatisha. Kila safari gari imeletwa kwake ikiwa imeshapoa na imeshawaka, anasikiliza injini inaunguruma vizuri, anachagua kitu cha kubadilisha. Ugonjwa wa joto haupimwi gari ikiwa baridi. Yule kijana wa Buguruni si lazima awe anajua zaidi ya shemeji yako, bahati yake ni kwamba aliikuta imekufa, na ile plagi ya mfukoni ilimaliza ubishi wa miezi kwa dakika tano. Ungemuuliza shemeji swali hilo mapema, ilipozima kuna cheche au hakuna, huenda 280,000 ya kontrol box ingebaki kwako. Kubahatisha kwa hela ya mtu kunauma, najua. Lakini hiyo siyo sawa na kuiba, na mtu anayebahatisha kwa kawaida hana risiti, hana spea za zamani, hana maelezo, ukimtazama kwa mbali anafanana kabisa na mwizi.

Turudi kwa hiyo 14. Kwenye Toyota za miaka ile taa ikihesabu moja kisha nne maana yake kontrol box haipati ishara kutoka kwenye ignaita, kijana hakudanganya. Ila ile namba inabaki kwenye kumbukumbu mpaka mtu aifute. Jirani yangu anasema kama siku shemeji anafungua distributa alichomoa soketi ya ignaita akajaribu kupiga stata, 14 inajiandika yenyewe, na ungeikuta Buguruni vilevile. Cheche kukosekana palepale inaipa nguvu, nakubali, mimi mwenyewe ningeelekea huko. Lakini kuithibitisha hakuna gharama. Unachomoa fyuzi ya EFI dakika moja kumbukumbu inafutika, unaendesha mpaka izime, unasoma tena. Ikirudi 14 na cheche hakuna, una jibu. Na ikizima, mtu akiloweka kitambaa akakikamua vizuri akakifunika kwenye ignaita peke yake, ikawaka baada ya dakika tano badala ya 20, hapo hata mimi nakwambia ndiyo yenyewe.

Kuhusu "hii siyo distributa ya gari hii." Amejuaje? Nauliza kwa dhati. Gari ina miaka hii yote, umesema uliinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, ukiacha aliyeiendesha Japani. Wewe mwenyewe uliwahi kuiangalia distributa kabla ya mwezi wa tatu? Ukajua ilikuwa na namba gani? Anaweza kuwa anasema kweli kwamba imebadilishwa na akawa hajui lini. Inaweza kuwa imebadilishwa kabla hujainunua na ndiyo chanzo cha yote haya. Na usisahau aliyesema hivyo anayo nyingine ya kukuuzia, simsingizii, huenda ni kijana mwema kabisa, lakini kama unampima shemeji kwa hela anayoipata kwako basi na yule mpime kwa kipimo hichohicho.

Hata ile pampu ya kuachwa Gerezani. Kule unaenda na sampo, hilo kila mtu anajua, na kuna maduka unaacha ile mbovu unaongeza hela. Inawezekana kabisa. Inawezekana pia ameiuza mwenyewe. Kwa barua yako siwezi kujua, na wewe kwa sasa huwezi kujua. Simu mpya nayo hivyohivyo, watu wananunua simu.

Kuna kitu umekipita haraka. Nani alikuwa anakuvuta kwa kamba? Umeandika kuvutwa kwa kamba lakini hukumtaja mvutaji. Kama ni yeye aliyekuwa anafunga gereji na kukufuata Tazara saa tano na nusu, mbona hayumo kwenye hesabu. Na kama siyo yeye, hilo nalo liandike.

Sasa njia unazo kadhaa na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kumwambia mumeo kila kitu kama ulivyoniambia mimi. Ana haki ya kujua, yeye ndiye aliyekupangia fundi. Hatari yake unaijua vizuri kuliko mimi. Ila kuna namna ya kusema. Kumfungulia daftari ukamwambia hizi ndizo hela, hivi ndivyo vitu, na gari bado inazima, ni jambo lililotokea na hakuna wa kukubishia. Kumwambia mdogo wako ananiibia ni jambo ambalo utaulizwa ushahidi, na ushahidi wako ni kijana ambaye hata jina lake hukuniandikia. Hilo la pili likishatoka mdomoni halirudi, hata ikija kugundulika distributa ilibadilishwa mwaka 2012.

Kwenda Buguruni kimyakimya, naelewa tamaa yake. Gari itapona, utapumua. Lakini shemeji atafungua boneti siku yoyote ya kumwaga oili na ataona distributa nyingine, mafundi wanaona mkono wa mwenzao kabla hawajaona kitu kingine. Hapo wewe ndiye utakuwa na la kueleza. Tena spea za umeme ukishazifunga maduka mengi hayapokei kurudishiwa, kwahiyo kama siyo ignaita umeongeza 280,000 nyingine juu ya 785,000, safari hii bila hata shemeji wa kumlaumu.

Kuna kumkabili shemeji mwenyewe, lakini kuhusu gari. Ungemwambia hivi, shem, gari ilinizimikia Buguruni kuna fundi akanipimia, cheche hakuna na namba ni 14, naomba tuiwashe hapa chini ya mwembe mpaka izime tuone wote. Mtu aliyekuwa anabahatisha mara nyingi anafurahi kupata pa kuanzia, wengine wanaumia kidogo halafu wanafurahi. Mwenye la kuficha atakuwa na sababu nyingi za kutoiwasha. Simaanishi hicho ni kipimo cha uhakika, kuna mafundi wanakasirika kwasababu tu wametajiwa fundi mwingine, kiburi cha kazi. Lakini utakuwa umeona kitu kwa macho yako. Na palepale unaweza kumuomba zile spea za zamani, kwa sauti ya kawaida tu, shem zile zangu za zamani nazitaka, ile kontrol box hasa, kwasababu kama haikuwa mbovu inarudi kwenye gari na hiyo used tunaiuza. Hilo ni ombi la mtu anayebana matumizi, hakuna wa kuliona ni tuhuma. Jibu lake litakuambia mengi kuliko simu yake mpya.

Ukiamua hivyo, kuna jambo la distributa la kuokoa hela. Corolla 110 zimejaa, gereji gani haina moja imelala haina injini au haina gia boksi. Shemeji aazime distributa ya gari inayotembea au iliyolala ya injini hiyohiyo, aifunge siku mbili, taiming, yaani wakati wa cheche kupiga, ipimwe vizuri kwasababu ikifungwa kwa kukisia gari itakosa nguvu mtaanza kutafuta ugonjwa mpya. Isipozima siku mbili kwenye foleni ya Nyerere Road saa sita mchana, ndipo hela itoke. Ukienda Gerezani nenda na yako mkononi kama sampo, na namba ya chesi umeiandika, linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi ya distributa na matundu ya soketi, usikubali "inaingiana hii mama." Na nenda wewe. Ukiwa na shemeji, sawa, lakini mlipaji uwe wewe, risiti ikae kwenye daftari lako. Bei utaijua, na zile bei za nyuma zitaanza kujieleza zenyewe, ziwe nzuri au mbaya.

Kuuza nako ni njia. Ila gari inayozima inauzwa kwa bei ya kutupa, na ukiiuza bila kumwambia mnunuzi unamhamishia ile siku yako ya darajani. Bajaji ni nzuri kwa foleni, sijui hotpot sita na zile za siti ya nyuma zitakaaje. Ningekuwa wewe hilo ningeliamua gari ikiwa nzima, lakini mimi siye ninayesukuma.

Jambo moja sitaki ulisubirishe mpaka mumeo arudi. Injini ikizima ukiwa kwenye mwendo usukani unakuwa mzito na breki inakubali mara moja mbili kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ipo inashika, lakini inataka nguvu zote za mguu. Mpaka ipone, watoto wasipande, na kama wateja wa Posta wanaweza kuletewa na bodaboda wiki hii, hata faida ikipungua, ningefurahi.

Kuhusu Jumapili, sijui kama utaweza kumuwekea chakula bila mkono kutetemeka kabla hujapata majibu. Labda umwambie siku hiyohiyo baada ya kula kwamba Jumatatu unaleta gari na utakaa nayo mpaka izime. Nenda na kiti chako na kazi ya mkono, mchele wa kuchambua au kitu, maana inaweza kuchukua saa nzima kupata moto ikiwa imesimama. Na kabla hujaenda weka nusu tenki.

Niandikie ikizima.

Shangazi